Mama, kuhusu kile kifurushi cha Baba Mdogo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti limeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo sote, ila baridi imewahi mwaka huu, na saa kumi jioni giza limeshaingia.

Nimeona niandike badala ya kupiga simu, maana kwenye simu tunakatizana, na Baba Mdogo akiwa pembeni sitasema yote. Dada ameniambia amenuna. Anasema nimepata cheo nikasahau ndugu, eti nimeshindwa hata kumwekea simu sita za kuuza kwenye mfuko wa ubalozi, na mfuko wenyewe haufunguliwi na mtu yeyote njiani. Ni kweli haufunguliwi. Ndiyo sababu nilikataa.

Kuna Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu Uhusiano wa Kidiplomasia. Ibara ya 27 inasema mfuko wa kidiplomasia usifunguliwe wala usizuiwe. Ibara hiyo hiyo inasema ndani yake ziwekwe nyaraka za kidiplomasia na vitu vya matumizi rasmi tu. Hapa kwetu mimi ndiye ninayeandika orodha ya vilivyomo, ninafunga, ninapiga lakiri na kutia saini. Simu za biashara zikiingia humo, saini yangu imeshakuwa ya uongo, na anayesoma saini ile hanijui mimi, anaijua nchi. Mwambie Baba Mdogo nitamnunulia simu moja, ya kwake mwenyewe, kwa pesa yangu. Nitakuja nayo likizo, na kama kuna ushuru nitaulipa.

Najua mkiwa huko mnaliona lile gari lenye bendera. Gari lile ni la balozi. Mimi napanda treni kama watu wengine. Na hii kinga ya kidiplomasia, yaani kutokamatwa wala kushtakiwa huku, watu wanaielewa vibaya sana. Imewekwa ili kazi isikwamishwe, na serikali yangu inaweza kuniondolea wakati wowote. Ibara ya 41 inatuamuru kuheshimu sheria za nchi tuliyopo. Nikikosa barabarani, nimekosa.

Hata zile hafla mnazoziona kwenye picha, Mama, ni kazi. Unasimama kwa muda wa saa tatu na viatu vinabana, unasikiliza zaidi ya unavyosema, na kuna siku neno moja la mwenzako wa ubalozi mwingine linakuokolea barua za wiki mbili. Mwezi uliopita tulikaa siku nne tukivutana juu ya neno moja kwenye andiko la pamoja, kama liwe "inaomba" au "inahimiza". Mtu wa nje ataona ni upuuzi. Lakini kilichoandikwa pale ndicho tutakachokuja kudaiana kesho, kwa hiyo nilifurahi mno neno letu lilipopita, nikatembea kwa miguu hadi nyumbani.

Kazi ninayoipenda kuliko zote, na inayoninyima usingizi kuliko zote, ni ya kikonseli, yaani ya kuwahudumia raia wetu walio huku. Ubalozi wetu ni mdogo, kwa hiyo simu ya dharura inalala kwangu. Aliyepoteza pasipoti anapiga, aliyenyang'anywa pasipoti na mwajiri anapiga, mwanafunzi aliyefungiwa nje anapiga. Wengi tunawasaidia siku hiyo hiyo: hati ya dharura ya kusafiria, barua kwa wizara ya hapa, basi.

Wiki ya juzi nilikwenda gerezani kumwona kijana wetu. Mkataba mwingine wa Vienna, ule wa 1963 wa mambo ya kikonseli, unampa mgeni aliyekamatwa haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe, nasi unatupa haki ya kumtembelea. Alikuwa nyuma ya kioo. Nikamwambia, "Habari za hapa, ndugu yangu?" Hakujibu. Akaweka kiganja kwenye kioo, akainamisha kichwa, kisha akasema, "Endelea kuongea tu." Alikuwa na miezi mitano hajasikia Kiswahili. Siwezi kumtoa, kesi yake itaamuliwa na mahakama ya hapa, na nilimweleza hivyo waziwazi. Nilichoweza ni kudai apatiwe mkalimani anayemwelewa na kumtafutia miwani, kwa sababu yake ilivunjika siku aliyokamatwa, na tangu hapo karatasi zote za kesi alikuwa akizitia saini bila kuzisoma. Miwani, Mama. Miezi mitano.

Halafu kuna misiba. Mtu wetu akifariki hapa, mamlaka zinatakiwa kutujulisha, kisha mimi ndiye ninayeipigia familia. Siku hizi nimejifunza kutozunguka. Nasema jina langu na ofisi yangu, namuuliza kama amekaa na kama yuko na mtu, halafu namwambia. Baada ya hapo ni cheti cha kifo, tafsiri, mihuri, kibali cha kusafirisha, ndege. Mara ya mwisho nilikwenda mwenyewe hadi sehemu ya mizigo uwanja wa ndege, nikasimama mpaka jeneza likapakiwa. Hakuna kanuni inayonitaka nisimame pale. Nilisimama kwa sababu ya Baba.

Hili sijawahi kukwambia. Alipofariki Baba nilifika siku ya pili baada ya maziko, na nyote mlinipokea vizuri, hakuna aliyenilaumu. Lakini mimi nimekuwa nikijilaumu. Nilikuwa nimebaki huku siku moja zaidi kukamilisha ziara ya ujumbe wa serikali, nikaamini nitawahi. Sikuwahi. Tangu siku ile, kila familia ninayoipigia simu naisikia kama yetu, na sikubali karatasi ilale mezani hata usiku mmoja kama kuna watu wanasubiri kuzika.

Mkweo anakusalimu sana. Yeye ndiye aliyelipa zaidi kwa safari hii. Ni muuguzi wa miaka kumi na moja, na hapa haruhusiwi kuajiriwa, kwa kuwa nchi zetu hazijawekeana makubaliano ya kuwaruhusu wenza wetu kufanya kazi. Anasoma lugha asubuhi, jioni anapitia vitabu vyake vya uuguzi asije akasahau. Simsikii akilalamika, na hilo ndilo linaloniumiza. Bado miaka miwili niitwe kurudi, na najua siku hiyo ndipo mji huu utakuwa umeanza kutuzoea.

Mjukuu wako ameshika lugha ya hapa kuliko sisi sote, hata dukani ndiye mkalimani wetu. Ila jana alinijibu kwa lugha hiyo mimi nikimsemesha Kiswahili, na hakugundua. Mama, Jumapili tukipiga simu nitakupa yeye kwanza. Msimulie chochote, hata habari za kuku. Akikujibu kwa lugha ya huku, nyamaza kidogo, usimkaripie, umngoje. Atakitafuta Kiswahili na atakipata. Usiikate simu hata ikichukua muda. Gharama ni yangu.

Mpe Baba Mdogo aisome barua hii pia, yote.

Ni mimi mwanao.