Mafunjo yana jina lake, msiyaite papairasi

Mhariri,

Jumamosi nilisoma makala yenu kuhusu vinamasi vya Ziwa Victoria nikakwama kwenye neno "papairasi", tena limerudiwa mara sita. Mmea huo ni mafunjo. Kwetu Kisumu tunauita togo. Mimi nauza mikeka yake hapa soko la Kariokor na vidole vyangu vinaujua: bua lina pembe tatu, na ukiambua ganda la kijani unakuta moyo mweupe, laini, wenye utomvu unaonata.

Utomvu huo ndio uliowafaa Wamisri wa kale. Waliuchana ule moyo vipande vyembamba, wakavilaza safu moja, wakakingamisha nyingine juu yake, wakaponda na kukausha. Vikashikana bila gundi. Wagiriki waliuita mmea wenyewe papyros, Warumi papyrus, na kwa mlango wa Kifaransa Waingereza wakapata "paper". Karatasi ya matambara ilipofika Ulaya kutoka kwa Waarabu, mafunjo yakaachwa lakini jina likabaki.

Nayaandika haya kwa sababu juzi mwalimu mmoja, akipunguza bei ya mkeka, aliniambia Waingereza wana neno lao ilhali sisi "karatasi" tumeomba Uarabuni. Sikuwa na jibu, akaondoka na mkeka kwa bei ya hasara. Jirani yangu wa kibanda, mzee wa Pumwani aliyesoma chuoni, ndiye aliyenifumbua macho. Waarabu husema qirtas, limo hata katika Surat Al-An'am, nao walilipata kwa Wagiriki: khartes, yaani ukurasa wa mafunjo wa kuandikia. Kumbe wote tumechota kinamasi kimoja! Khartes hiyo hiyo ndiyo iliyozaa kadi, na katoni, na hizi karata tulizoachiwa na Wareno, ambazo vijana wa mikokoteni hugombania hapa nje kuanzia saa nane. Biblia nayo inatokana na biblos, jina jingine la Wagiriki kwa mafunjo.

Mwalimu akirudi nitamdai salio.

Nanyi toleo lijalo andikeni mafunjo. Neno hilo si geni wala si la soko tu. Fungueni Ayubu 8:11 mtalikuta.

Muuza mikeka,
Kariokor, Nairobi