Harambee ya Jukwaa la Shule: Jumamosi ya Kwanza ya Septemba

Kwa wazazi, wanafunzi wetu wa zamani na majirani wote, hamjambo.

Tunawaalika kwenye harambee ya kujenga jukwaa la maigizo katika shule yetu hapa Kilifi, Jumamosi ya kwanza ya Septemba, kuanzia saa tatu asubuhi. Tunatafuta shilingi 240,000. Swali mtakalouliza tunalijua, maana lilishaulizwa kwenye mkutano wa wazazi: madawati hayatoshi, vyoo vinavuja, jukwaa la nini?

Ingieni Gredi ya Saba wakati wa somo la tamthilia. Mtoto anasimama, anasoma: "Mama nimerudi anaingia akihema mkoba begani kuna maji?" Sauti moja, pumzi moja. Maelezo aliyoandikiwa mwigizaji ameyasoma kana kwamba ni maneno ya mhusika. Si uzembe. Hajawahi kumwona mtu akiingia jukwaani akihema, kwa hiyo hajui maneno yale yamewekwa pale kufanya kazi gani. Mwalimu ataeleza ubaoni, watoto watanakili, na wiki ijayo tutarudi palepale.

Muhula uliopita kikundi cha waigizaji kutoka Mombasa kilitutembelea, kikacheza chini ya mkwaju. Pazia hawakuwa nalo. Wawili walishika leso ncha kwa ncha, ikawa mlango. Bahili akajibanza nyuma yake kumkwepa mgeni, na mgeni alipobisha hodi, Gredi ya Pili nzima ikalipuka: "Yumo! Amejificha!" Bahili akachungulia juu ya leso, akawakazia macho: "Nyamazeni, nitawanunulia mabuyu!" Wakakataa hongo ile kwa kelele zaidi. Jibu hilo halikuwemo kwenye mchezo, alilitunga papo hapo kwa sababu watoto walimsemesha. Ndiyo maana wanaotuambia tuwaonyeshe video kwenye simu hatukubaliani nao. Simu haimjibu mtoto. Bibi zetu wakisema "Paukwa" hungoja "Pakawa" kabla ya kuendelea, na igizo la ana kwa ana huenda vivyo hivyo.

Wiki iliyofuata, msichana wa Gredi ya Saba alipofika kwenye "anaingia akihema" aliweka kitabu chini, akatoka nje, akarudi mbio akitweta. Hakuna aliyemwagiza.

Hata huko mbali wamelipima jambo hili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Arkansas, Marekani, walitumia bahati nasibu kuchagua wanafunzi wa kwenda kutazama Hamlet au A Christmas Carol jukwaani, wengine wakabaki. Matokeo yao ya mwaka 2014 yalionyesha kwamba waliokwenda walielewa kisa na msamiati vizuri zaidi, na kusoma kitabu au kutazama filamu hakukufikia hapo. Pia walikuwa wepesi zaidi kutambua hisia za wenzao.

Mtasema tayari tuna tamasha la maigizo la shule, linalofanyika nchini tangu 1959. Tunalipenda na tutaendelea kushiriki. Lakini tamasha huchukua watoto wachache hodari, wakapanda basi kwenda ngazi ya kaunti ndogo, na mamia wanaobaki shuleni hawaoni chochote isipokuwa cheti ukutani. Sisi tunataka wanaobaki ndio watazame.

Jukwaa lenyewe si la kifahari: mawe ya matumbawe na saruji, futi 24 kwa 16, kimo cha kiti, na paa la mabati. Chini ya mkwaju walioketi nyuma walisimama juu ya madawati ili waone, na dawati moja likavunjika (wenye hoja ya madawati, mnasikia?). Ujenzi utagharimu shilingi 165,000. Shilingi 75,000 zilizobaki ni za kuwaalika wasanii mara moja kila muhula kwa mwaka mzima, na shule jirani zitakaribishwa bila malipo. Msanii naye ana karo ya kulipa. Kumuaga kwa soda na makofi tu ni tabia tungependa ikome.

Igizo la kwanza litakuwa la watoto wenyewe, kuhusu Mekatilili wa Menza, aliyezunguka vijiji vya Wagiriama mwaka 1913 akicheza ngoma ya kifudu ili kuwakusanya watu dhidi ya Waingereza. Onyesho fupi la igizo hilo mtalitazama siku ya harambee.

Walimu wameshachanga shilingi 18,000, na mzazi mmoja amejitolea lori la kubebea mchanga na mawe. Asiye na pesa taslimu alete kuku, mbuzi, nazi au korosho. Mnada utaanza saa sita. Fundi akitupa siku mbili za kazi tutamshukuru sawasawa na mwenye hundi. Mlio Nairobi na nchi za Ghuba, namba ya kutuma mchango imo kwenye barua waliyopewa wazazi, waulizeni ndugu zenu. Kila mchango utapewa risiti, hata wa shilingi hamsini, na hesabu yote itabandikwa kwenye ubao wa matangazo Jumatatu inayofuata.

Kamati ya Wazazi na Walimu