Ukarabati wa bafu: hesabu ianzie chini ya sakafu

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie jambo linalowala fedha wenye nyumba wengi wa jiji letu la Mwanza, nalo ni gharama ya kukarabati bafu na choo cha ndani. Swali ni lile lile, liwe dukani au kijiweni kwa mafundi: "Bafu zima shilingi ngapi?" Jibu nalo huwa tarakimu moja ya jumla. Tarakimu hiyo haina maana mpaka yajulikane mambo matatu: kama choo kinabaki kilipo au kinahama, mabomba yaliyofukiwa ukutani ni ya aina gani, na majitaka yakitoka nje ya nyumba yanakwenda wapi. Rangi ya marumaru inafuata baadaye sana, ingawa ndiyo watu huanza nayo.

Choo ndicho kinachobadilisha bei kuliko kitu kingine chochote. Bomba lake ni la inchi 4 na linataka mteremko wa sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita. Ukikisogeza mita 3, upande mmoja wa bomba lazima uwe chini ya mwingine kwa sentimita 6 hadi 7.5, na nafasi hiyo inapatikana kwa kupasua jamvi (zege la sakafu), kuchimba, kulaza bomba juu ya mchanga na kurudisha zege. Katika nyumba ya ghorofa nafasi hiyo haimo ndani ya sakafu. Itabidi ama kuinua sakafu ya bafu na kuweka ngazi mlangoni, ama kupitisha bomba chini ya zege, kwenye dari ya anayeishi chini. Kukata nondo za sakafu ili bomba lipite ni hatari kwa jengo, na fundi anayependekeza hivyo asiruhusiwe kuendelea.

Mwanza ina la ziada. Nyumba nyingi za Isamilo, Bugando, Igogo na Mabatini zimekaa juu ya mwamba au katikati ya mawe. Unapasua jamvi ukitegemea kifusi, unakutana na jiwe. Nje jiwe la aina hiyo hupasuliwa kwa moto na nyundo nzito. Ndani ya chumba chenye kuta pande zote huwezi kuwasha moto, kwa hiyo inabaki tindo, nyundo na subira. Kazi hiyo hulipwa kwa siku, wala hakuna awezaye kukuhakikishia siku ngapi. Ndiyo maana tunasisitiza: kama choo hakisumbui pale kilipo, kiacheni hapo hapo, fedha hiyo iende kwenye mabomba.

Kabla ya kununua sinki jipya la choo cha kukaa, pimeni kutoka ukuta uliokwisha kuwekwa marumaru hadi katikati ya tundu la bomba la sakafuni. Sinki nyingi zinazotoa uchafu chini zinataka sentimita 30, lakini zipo za vipimo vingine, na zipo zinazotoa nyuma kupitia ukutani. Sinki isiyolingana na tundu huishia kuungwa kwa kona mbili zilizobanana. Hapo ndipo karatasi hukwama na maji kuanza kupanda kila mara.

Kuhusu mabomba ya maji safi, nyumba za zamani zina mabomba ya chuma ambayo huota kutu kwa ndani hadi njia ya maji inakuwa nyembamba kama penseli. Kuweka marumaru mpya juu ya mabomba hayo ni kujitafutia kuzibomoa. Badilisheni yote yaliyomo bafuni kwa PPR, yaani mabomba ya plastiki ngumu: milimita 25 kwa njia kuu na 20 kwa kila bomba la kuteremkia. PPR huunganishwa kwa mashine ya joto la nyuzi 260. Bomba la 20 hupashwa sekunde 5, la 25 sekunde 7, kisha huingizwa moja kwa moja bila kuzungushwa. Fundi akizidisha muda, plastiki huyeyukia ndani na kuziba njia. Akipunguza, kiungo huvuja taratibu ndani ya ukuta kwa miezi kabla rangi ya upande wa pili haijaanza kubanduka. Kwa hiyo mabomba yote yajazwe maji, yapandishiwe presha kwa pampu ya majaribio na kuachwa saa kadhaa mkiangalia geji, kabla plasta haijafunika kitu. Pampu hiyo ya mkono hukodishwa. Fundi asiyetaka kupima mabomba kwa presha anakuhamishia wewe hatari yake.

Presha ya kila siku nayo ni suala la jiji la vilima. Mitaa mingi ya juu hupata maji kwa mgao, kwa hiyo bafu linategemea tenki. Kila mita 10 za urefu kutoka usawa wa maji ndani ya tenki hadi bombani huleta presha ya bar 1; tenki lililoinuliwa mita 3 tu juu ya bomba linatoa bar 0.3. Mabomba mengi ya kisasa ya kuchanganya maji moto na baridi, hasa yanayofichwa ukutani pamoja na bafu la mvua la juu, yametengenezwa kwa bar 1 au zaidi. Mtu ananunua seti ya bei kubwa, maji yanatoka kama kamba. Hapo inabidi kuongeza pampu, koki zake, waya na umeme wa kila mwezi. Pimeni urefu wa tenki kwanza, kisha ulizeni dukani bomba linataka presha gani, maana huandikwa kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi.

Kuna tatizo la pili la mgao: maji yakirudi usiku wa manane, yanarudi kwa nguvu. Mipira laini inayounganisha flashi na besini, ile yenye nati za plastiki, hupasuka saa hizo wakati watu wamelala. Nunueni yenye nati za shaba, kila kifaa kiwe na koki yake ndogo ukutani, na bafu zima liwe na koki moja kuu ambayo hata mtoto anaifikia. Gharama ya koki hizo ni ndogo ukiilinganisha na dari au kabati lililoloa.

Tuje kwenye kuzuia maji, kazi ambayo wengi huifuta ili bei ishuke. Marumaru na grauti (tope la kujazia nafasi kati ya vipande) havizuii maji. Vinapitisha unyevu polepole. Kinachozuia ni tabaka la dawa ya saruji linalopakwa chini yake. Chukueni bafu la mita 2.4 kwa 1.8. Dawa inapakwa sakafu yote, inapanda ukutani sentimita 30 kuzunguka chumba, na kwenye kona ya kuogea inafika urefu wa mita 1.8. Ni kama mita 9.5 za mraba. Kwa mipako miwili ya kilo 1.5 kila mmoja kwa mita ya mraba, mnahitaji karibu kilo 30. Kona zote za sakafu na ukuta zijazwe kwanza kwa saruji iliyopindishwa na kuwekewa utepe wa wavu, kwa sababu nyufa huanzia pale. Dawa ikikauka kwa muda ulioandikwa kwenye mfuko, zibeni tundu la sakafuni, jazeni maji sentimita 3 hadi 5, mwache saa 24. Yakipungua au dari ya chini ikilowa, dawa inarudiwa kabla ya marumaru. Sakafu nayo iwe imeshapewa mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu. Mteremko hautengenezwi kwa gundi ya marumaru.

Sasa marumaru. Kwa bafu hilo hilo, sakafu ni mita 4.32 za mraba. Kuta hadi urefu wa mita 2.1, ukiondoa mlango wa sentimita 70, ni mita 16.17. Ongezeni asilimia 10 ya kukata na kuvunjika. Marumaru za ukutani za sentimita 30 kwa 60 ambazo boksi lake lina vipande 8, yaani mita 1.44 za mraba, zitakuwa boksi 13. Za sakafuni, kwa boksi la mita 1.5, ni 4. Kwa mfano tu, mita ya mraba ikiwa shilingi 18,000, mita kama 25 mnazonunua ni 450,000; ikiwa 40,000, ni shilingi milioni 1. Chumba ni kile kile, ufundi ni ule ule, tofauti ni 550,000. Marumaru zinazotengenezwa Mkuranga na Chalinze zinafaa kabisa kwa ukuta wa bafu, ila nauli ya zaidi ya kilomita 1,000 hadi Mwanza imo ndani ya bei, hivyo msifananishe na bei za Dar es Salaam.

Ongezeni mifuko 5 hadi 6 ya gundi ya kilo 20, kilo 5 za grauti, na mifuko kama 5 ya saruji kwa plasta na sakafu mpya. Marumaru za poselini hazinywi maji, kwa hiyo tope la saruji peke yake haling'ang'anii mgongoni mwake, zinataka gundi. Gundi ipakwe eneo lote kwa mwiko wa meno. Mtindo wa kubandika madonge matano nyuma ya kipande huacha uwazi unaojaa maji, na ukigonga utasikia sauti ya kitu kitupu. Marumaru kubwa za 60 kwa 120 zinataka ukuta ulionyooka kabisa, watu wawili wa kubeba na gundi nyingi zaidi. Katika chumba kidogo upotevu wake unapita asilimia 15, na ufundi wake ni ghali zaidi.

Kubomoa ya zamani kunatoa karibu tani moja na nusu ya kifusi, yaani mizigo kama 30 ya kilo 50. Nyumba iliyopo barabarani Nyakato, guta linafika mlangoni. Nyumba iliyopo juu ya kilima ambako hakuna njia ya gari, kila mzigo unashuka kichwani, halafu mchanga, saruji na marumaru vinapanda vivyo hivyo. Kibarua hicho kiandikwe peke yake kwenye makadirio, maana kikisahaulika ndicho chanzo cha ugomvi.

Nje ya nyumba, fungueni chemba na karo kabla ya kununua chochote. Walio karibu na mtandao wa majitaka waulizie MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, kuhusu kuunganishwa, na maji ya mvua yasiingizwe kwenye chemba hata kidogo; mvua za Machi hadi Mei huijaza na kuyarudisha majitaka ndani. Walio kando ya ziwa, kama Luchelele, wajue kwamba maji ya ardhini yako karibu. Ziwa lilipopanda mwaka 2020 mashimo mengi ya karo kando yake yalijaa kutoka chini, na bafu jipya haliwezi kusaidia karo lililojaa.

Hita ya kuogea ya wati 5,500 inavuta ampea 24 hivi. Inataka waya wake wa milimita 6 za mraba kutoka kwenye kikatio chake, pamoja na ethi (waya wa ardhini) inayofanya kazi. Kuiunga kwenye waya wa soketi wa 2.5 ni kuanzisha moto ndani ya ukuta. Hapa hatuna mjadala.

Makadirio yanayofaa kulipiwa yanatenganisha kubomoa na kifusi, mabomba, umeme, dawa ya maji, marumaru kwa mita ya mraba, vifaa vya choo na ufundi. Malipo yafuate hatua: sehemu baada ya mabomba kupimwa presha, sehemu baada ya jaribio la maji la saa 24, na kiasi kibaki hadi bafu litumike wiki mbili. Wekeni pembeni angalau asilimia 15 ya jumla kwa yatakayoonekana sakafu ikipasuliwa. Kwenye mwamba, asilimia 25.

Mhariri, gazeti lako likichapisha bei za ukarabati, tunaomba kila bei iambatane na tarehe, ukubwa wa chumba, mtaa, na kama choo kilihamishwa au la.

Mafundi bomba na marumaru,
Nyakato, Mwanza