Jiko jipya na mfuko mtupu

Mhariri, salamu kutoka Kampala. Mwezi jana nilitengeneza jiko langu upya na hela ilikuwa kidogo mno, basi fundi akanishawishi nipige makabati ya chipbodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi) eti ndo bei poa, wiki tatu tu bomba la sinki likaanza kudondosha na ubao wa chini ukavimba kama andazi! Kumbe chipbodi na maji haviivi chungu kimoja. Nikaenda Ndeeba, kwa wauza mbao hapa Kampala, nikachagua mbao za paini zilizokauka vizuri, tukapiga fremu, milango nikaacha kabisa, nimetundika pazia la kitenge (mke wangu anasema ni zuri kuliko milango). Lakini mafundi wetu jamani, mbona hamtuambii mapema tupake silikoni (ile gundi ya kuzuia maji) pembeni mwa sinki?

Msomaji wenu, Kampala