Mtandao Haukukatika, Mdogo Wangu

Mdogo wangu,

Picha uliituma usiku, nimeiona alfajiri nikitoka kuswali. Mlango wa chumba cha ndani cha hilo behewa unalolifufua, mtiki unang'aa vanishi, na ufa umeipasua paneli juu mpaka chini. Umeandika maneno mawili tu: "Kwa nini?" Nikakaa pale pale kizingitini. Najua kwa nini. Najua tangu Novemba.

Kwanza nikusute, maana nisipokusuta nitalia. Arobaini ya Baba hukuja. Ulisema behewa lina tarehe yake ya kubeba abiria. Behewa la Waingereza, lililojengwa York miaka ya 1920! Chikongola nzima inaniuliza mwanamume wa nyumba hii yuko wapi, nami najibu yuko kazini, anapiga randa. Aibu hiyo naibeba mimi, si wewe.

Nami nilijivuna, siwezi kukataa. Kwenye kikoba nilikuwa napitisha simu mkono kwa mkono: tazameni, mdogo wangu anafufua behewa la miaka mia, paa la turubai, dirisha linateremshwa kwa mkanda wa ngozi. Wao waliona mbao kuukuu. Aliyeelewa ni Baba. Amezaliwa 1951, mwaka ule mradi wa mashamba ya karanga ulipowashinda Waingereza, na treni ya Nachingwea ilipofutwa 1962 alikuwa ameshaipanda mara tatu na Babu. Mara tatu tu, na tumelishwa safari hizo maisha yetu yote. "Benchi la mbao tupu, na halikulia hata kidogo." Kwake fundi alikuwa ni huyo, ambaye benchi lake halilii.

Sasa siku ile. Ulipiga kwa video, unamuulizia mlango. Hujambo ya mgonjwa ilichukua nusu dakika. Mtu ambaye hata ming'oko, viazi vyetu vya porini, alikuwa haitaki tena, uji vijiko viwili, alipoona mbao akaomba nimwinue. Nikamwekea mito mitatu. Akakuamuru usogeze simu, sogeza tena, akawa anazifuata nyuzi za mtiki kwa kidole kwenye kioo. Dakika arobaini! Daktari alishakataza asiongee sana. Kikohozi kikamshika, shuka likapata damu, nawe huku unauliza, "Na gundi je, Baba?" Nikaichukua simu nikaizima. Nikamwambia mtandao umekatika. Nawe nikakuandikia hivyo hivyo.

Mtandao haukukatika.

Ungefanyaje wewe? Hukuwepo kufua lile shuka. Mwenye kuuguza ndiye anayejua, walio mbali hupiga simu. Ningeacha aendelee, leo ungesema dada alimwachia mgonjwa akajimaliza.

Lakini alikaa na ile simu kifuani mpaka magharibi. "Bado haijarudi?" Namwambia bado. Nilikuwa nimeizima kabisa, na yeye simu hizi hazijui. Baadaye akachoka kungoja, akanipa maneno nikupe. Nikasema nitamwambia. Keshokutwa yake tukamzika. Halafu hukuja, nami nikajisemea hastahili.

Haya, yachukue. Gundi uweke kwenye maungio ya fremu peke yake. Paneli usiigundishe popote, iache icheze ndani ya mfereji wake, maana huko mnawasha moto ndani wakati wa baridi, mbao inakauka na kusinyaa, na ukiibana pande zote itapasuka. Yaani alijua, mdogo wangu. Alilijua hadi hilo la moto, na Ulaya hajafika.

Nafasi ya kubakiza aliniambia ni unene wa sarafu. Akaitaka sarafu yenyewe, nikampa ya mia, akaichomeka kati ya kidole na kidole kunionyesha. Na ukibadilisha hiyo paneli, iliyopasuka usiitupe, hata kama wenye behewa hawana haja nayo.

Sarafu ninayo. Nimeifunga kwenye pindo la kanga, na siku nyingine nakosa nauli ya bodaboda lakini siigusi.

Dada yako