Salamu kwa wanaokula peke yao sikukuu hii

Ndugu, jamaa na marafiki, heri ya sikukuu.

Salamu hizi zinamwendea hasa ambaye mwaka huu hakuweza kwenda. Wewe uliyepangiwa zamu, uliyenyimwa likizo, uliyekosa nauli, uliye masomoni mbali. Na wewe ambaye nauli ilikuwepo, ila uliyekuwa ukimwendea hayupo tena duniani. Mimi pia nimo kwenye orodha. Huu ni mwaka wangu wa nne kula sikukuu peke yangu, na yale machache niliyojifunza nimeona nayo nisiyale peke yangu.

Mwaka wa kwanza nilipika kama nilivyozoea. Mkono una kumbukumbu zake: ukizoea kupikia watu wanane, haujui kwamba saba hawapo. Nilipofunua sufuria nikacheka, kisha kicheko kikakatika. Sahani sikuitoa. Nilisimama palepale jikoni nikichota kwenye sufuria, simu nimeiegemeza kwenye kikombe, picha za wenzangu zikipita: huyu kapakata mtoto, yule kafumba macho kamera ilipomkuta, wote wamebanana ili waenee. Niliposhtuka, shimo ndani ya sufuria lilikuwa kubwa kuliko tumbo la mtu mmoja. Nilishiba hadi kuhema, na ungeniuliza kama chumvi ilikolea nisingekuwa na jibu.

Baadaye nikataka kuelewa kilichonipata. Tumbo linapojaa, habari hazifiki kichwani papo hapo. Kutanuka kwa tumbo na homoni za utumbo huchukua muda kuungana kuwa shibe, na wataalamu wengi hutaja kama dakika 20. Mimi nilikuwa nimemaliza kabla habari hazijafika hata nusu ya njia. Tena kuna simu. Mwaka 2013 yalichapishwa mapitio ya tafiti kadhaa kuhusu kula huku akili iko kwingine, yakaonyesha kwamba mtu wa namna hiyo hula zaidi wakati huo, na mlo unaofuata huzidisha hata zaidi. Sababu mojawapo ni kumbukumbu. Mlo usioukumbuka vizuri ni kama hukuula, kwa hiyo mwili unadai mwingine.

Kinachonishangaza ni kwamba kula na wenzako nako huongeza chakula. Mtafiti wa Marekani, John de Castro, aliwapa watu madaftari ya kuandika kila walichokula na waliokuwa nao, akaona milo ya pamoja ndiyo mikubwa, kwa kiasi fulani kwa sababu huchukua muda mrefu. Basi mtu aliye peke yake angetarajiwa kula kidogo. Lakini palipo na upweke hesabu hiyo inavurugika. Njaa ukiilisha, inanyamaza. Upweke ukiulisha, unaomba tena, kwa sababu ulichoupa sicho ulichokuwa unataka.

Mwaka wa pili nikajiona mjanja: nikapiga simu ya video nikaiweka mbele ya sahani, tule pamoja. Ikawa "mnanisikia?", "tunakusikia, wewe unatusikia?", picha inaganda mtu kaachama mdomo, mtandao unarudi, unakatika. Chakula kikapoa. Sikuwa nao, na sikuwa na chakula. Tangu siku hiyo msimamo wangu ni mmoja: wapigie kabla hujapakua, au ukishanawa mikono, lakini simu isikae mezani. Dada yangu hakubaliani nami hata kidogo, anasema kuniona nikitafuna kunamtuliza roho. Tumekubaliana kutokubaliana, maana si mtu wa kushindana naye.

Kula kwa utulivu, au kwa kuzingatia kama wengine wanavyosema, kulinijia kwa njia ya zabibu kavu. Zoezi lenyewe linajulikana sana kupitia Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha mwaka 1979 huko Massachusetts kliniki ya kuwafundisha wagonjwa kukabiliana na msongo na maumivu ya muda mrefu. Unapewa zabibu. Unaitazama mikunjo yake, unaipinda vidoleni, unainusa, unaiweka ulimini bila kuitafuna, ndipo unauma. Mara ya kwanza niliona ni mchezo wa watoto. Lakini nilipouma, utamu ulitoka upande mmoja wa mdomo ukatambaa hadi mwingine, nikajiuliza zabibu ngapi nimewahi kumeza bila kukutana nazo.

Ndiyo nikaandaa mlo wa sikukuu iliyofuata kwa namna hiyo. Sahani nzuri, ile inayowekewa wageni. Kiti. Nikainamia sahani, mvuke ukafunika miwani yangu nikawa sioni, nikabaki na pua tu. Na pua, ndugu zangu, haina adabu. Harufu inayo njia yake fupi ya kufika kwenye sehemu za ubongo zinazotunza hisia na kumbukumbu. Haizunguki kwenye kituo ambacho kuona na kusikia hupitia kwanza. Kabla sijatia tonge mdomoni, bibi yangu alikuwa ameshafika. Mkono wake kwenye mwiko, nguo yake inayonuka moshi, sauti yake ikituamuru tusogee.

Zamani ningeshika simu kumkimbia, au ningeongeza tonge juu ya tonge. Safari hii nilikiweka kijiko chini nikamwacha akae. Machozi yalinitoka, sifichi. Yalipopungua nikala tonge la kwanza, likawa tamu. La pili likawa tamu. Kufikia la kumi hivi ule utamu ulianza kufifia, jambo la kawaida, ulimi huchoka na ladha ileile hata kama chakula hakijabadilika. Nikajikuta nimetosheka na sahani haijaisha. Kilichobaki nikakifunika kwa ajili ya kesho.

Wahenga walisema mla ni mla leo, mla jana kala nini? Nilikuwa nikiusikia msemo huu kama kejeli. Siku hizi unanigusa kwingine, kwa sababu miaka miwili mfululizo nilikaa mbele ya chakula cha leo nikila sikukuu ya jana.

Neno dogo kwa wanaoogopa mizani. Utafiti uliotoka mwaka 2000 katika jarida la New England Journal of Medicine uliwapima watu wazima huko Marekani kati ya katikati ya Novemba na mwanzoni mwa Januari. Kwa wastani waliongezeka kilo 0.37, ilhali wenyewe walidhani wamenenepa mara kadhaa ya hapo. Kwa hiyo usiigeuze sikukuu kuwa kesi. Na usichukue utulivu huu ukaufanya fimbo ya kujinyima, kuhesabu matonge na kujisuta. Wapo pia ambao upweke unawafunga koo, hawali kabisa. Ukiwa mmoja wao, pakua kidogo sana, cha moto, kaa nacho. Na kama chakula kimekuwa vita vya siku nyingi, vya kuzidi au vya kukataa, tafadhali mweleze mtu, daktari ikiwezekana. Si vita vya kupigana ukiwa umejifungia.

Mama yangu haanzi na habari za kazi wala afya. Swali lake ni lilelile tangu nilipoondoka nyumbani: "Umekula?" Miaka yote nimemjibu nimekula, kwa haraka, kama mtu anayejibu hodi. Mwaka huu nataka niweze kumwambia nimekula nini, kilikuwaje, na kwamba chumvi ilizidi kidogo.

Leo nimepika kwa kuusimamia mkono, umepunguza, ingawa bado tungetosha watatu. Sikukuu njema, popote ulipo na yeyote unayemkosa. Simu naiacha chumbani. Mama atapiga saa tisa.