Gego la mwisho lisipoota: uso na mataya yanahusikaje?

Mama mmoja alimleta binti yake mwenye umri wa miaka 20 kwenye kliniki yetu hapa Arua, Uganda, akiwa na wasiwasi mkubwa. Binti huyo alikuwa amepigwa eksirei mahali pengine, ikaonekana kwamba magego mawili ya mwisho ya taya la juu hayapo kabisa, hata chini ya ufizi, naye aliyewasomea picha akawaambia kuwa hiyo ndiyo sababu ya uso wake kuwa mfupi. Mama alitaka kujua kama meno hayo yanaweza kupandikizwa ili uso urefuke. Tulimjibu kwamba hayahitaji kupandikizwa na kwamba uso hauwezi kurefuka kwa njia hiyo. Lakini swali lake ni la msingi, na tumeona linastahili maelezo marefu kuliko yale tuliyoweza kumpa siku ile.

Mtu mzima anatarajiwa kuwa na meno 32, na manne kati ya hayo ni magego ya mwisho, ambayo wengi huyaita meno ya hekima. Kwa kawaida gego hili huanza kuwa gumu ndani ya mfupa mtoto anapokuwa na umri wa miaka 7 hadi 10, na vitabu vingi husema kwamba huchomoza kati ya miaka 17 na 21, ingawa kwa Waafrika mara nyingi hutangulia umri huo. Kwa hiyo kutoliona gego kwenye kioo si ushahidi kwamba halipo. Huenda bado linakuja, huenda limekwama chini ya ufizi au ndani ya mfupa, au huenda halikuumbwa tangu mwanzo. Hali hizi tatu hutofautishwa kwa picha tu, na sisi hatuthubutu kutamka kwamba gego halikuumbwa kabla mtoto hajafikisha miaka 14 hivi, kwa sababu wapo wanaochelewa.

Kukosa gego la mwisho si ajabu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015, ambao ulikusanya tafiti za nchi nyingi, ulikadiria kwamba takriban asilimia 23 ya watu duniani hukosa angalau moja. Kwa watu wa Asia kiwango kilikaribia asilimia 30, na kwa Waafrika kilikuwa kama asilimia 6. Ndiyo maana hapa kwetu jambo hili huwashtua watu zaidi, kwa kuwa ni wachache wanaomjua jirani au ndugu aliye nalo.

Sasa tuje kwenye mifupa ya uso. Mataya hukua kwa namna ambayo watu wengi hawaitarajii. Taya la chini huongezewa mfupa upande wa nyuma wa ule mhimili unaopanda kuelekea sikioni, huku mfupa wa upande wa mbele wa mhimili huo ukiliwa polepole, na hivyo safu ya meno hupata nafasi mpya nyuma. Taya la juu nalo huongezeka kwenye ncha yake ya nyuma. Gego la mwisho huumbwa katika kona hiyohiyo inayoendelea kujengwa, kwa hiyo si ajabu kwamba watafiti waliopima picha za kichwa zilizopigwa kwa ubavu wamekuta mara kadhaa kuwa watu wasio na magego haya wana taya la juu lililo fupi kidogo kutoka mbele hadi nyuma, au sehemu ya chini ya uso iliyo fupi kidogo. Hata hivyo matokeo ya tafiti hizo hayafanani yote, na tofauti zilizopatikana ni za milimita chache au nyuzi chache za pembe, ambazo kwa kawaida mtu hawezi kuzitambua kwa kumtazama mwenzake usoni.

Kumbikumbi hutoka mvua inaponyesha, lakini hakuna anayesema kwamba kumbikumbi ndio walioleta mvua. Gego na taya vina uhusiano wa namna hiyo. Jeni kama PAX9 na MSX1 hushiriki katika kuumba meno na pia sehemu za mifupa ya uso, kwa hiyo chanzo kimoja kinaweza kugusa vyote viwili. Gego halishikilii uso, wala kukosekana kwake hakuurudishi nyuma.

Mahali ambapo habari hii ina uzito mkubwa ni katika kupanga matibabu. Mtoto wa miaka 9 akiwa na gego la kwanza lililooza kiasi cha kutotibika, mara nyingine huling'oa daktari akitegemea kwamba la pili litasogea mbele na la mwisho litakuja kukamilisha safu. La mwisho likiwa halipo, hesabu hiyo hubadilika. Tunaomba pia wazazi watueleze bila woga kama mtoto aliwahi kutolewa ebinyo, yaani yale yanayodhaniwa kuwa "meno ya uongo" ndani ya ufizi, alipokuwa mchanga, kwa sababu kitendo hicho huharibu vichipukizi vya chonge, na pengo linalotokana nacho lisichanganywe na jino ambalo halikuumbwa.

Mteja anayekuja kwa ajili ya jambo hili huhesabiwa meno kwanza, kisha hupigwa picha pana inayoonyesha mataya yote mawili, iwapo hana ya zamani inayosomeka. Anayesumbuliwa na meno ya juu na ya chini yasiyokutana vizuri, tunampeleka kwa mtaalamu wa kupanga meno. Hatupandikizi jino mahali pa gego la mwisho, kwa sababu mtu hutafuna vizuri bila hilo.

Yule binti tulimkuta na tundu dogo kwenye gego la pili la juu, upande wa kulia. Tulilisafisha na kuliziba siku hiyohiyo, kwa kuwa kwake hilo ndilo gego la mwisho, na nyuma yake halitakuja jingine.